Njia ya Bwawa la Jabez
Mtengeneza barabara wa parokia yetu alikuwa na mikono mipana kama koleo lake. Mgeni akimuuliza njia, alimtajia majina taratibu, kama anayeyatafuna: Konde la Njaa, Kilima cha Kitanzi, kisha uteremke. "Wee mzee, utawazungusha watu mpaka Krismasi!" Tamsin wa kilabuni, aliyeolewa hapa juzi tu, alizoea kumtania, hadi mumewe alipomnong'oneza kwamba njia ya mkato inapita Bwawa la Jabez, na Jabez ni mwana wa mzee aliyezama humo. Asubuhi moja daktari alisimamisha farasi mbele ya kilabu, mzee alipokuwa akiponda mawe ya barabara. "Mzee, mke wa Thackray anajifungua, damu haikatiki! Njia fupi ni ipi?" Mzee akafuta mikono kwenye suruali, akaifuta tena. "Pita kwa... pita kwa Jabez." Kisha akainama, akaendelea kuponda mawe yaliyokwisha kuwa vumbi.