Maana ya Gertruda

Mimba yangu ilipofika miezi saba nilimwambia mume wangu kwamba mtoto akiwa wa kike ataitwa Gertruda, jina la bibi yangu aliyenilea Usevya. Yeye hakuwa na neno. Mama yake ndiye aliyeweka jembe chini. Tulikuwa tukipalilia mahindi shambani kwake Kasokola.

"Sisi Wasukuma jina lazima liwe na maana," alisema. "Mtoto anaitwa kwa safari, kwa njaa, kwa mvua. Hilo lenu maana yake nini?"

Sikujua. Jioni nikampigia bibi simu. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mjukuu wangu, mimi nilibatizwa nikiwa mchanga. Padri alilitamka, mama akaitikia. Nani angeuliza?"

Kwenye kliniki ya misheni nilikuwa napimwa na sista mzee wa Kijerumani, aliyekaa kwetu miaka mingi hadi akajua Kipimbwe, lugha yetu, cha kutosha kununulia mboga. Siku ya kliniki iliyofuata, nilipokuwa najifunga kanga, nikamuuliza yeye. Alivua miwani, uso ukamchangamka kama mtu aliyeulizwa habari za nyumbani.

"Ni jina la kale sana kwetu. Maneno mawili yameungana. La kwanza ni mkuki. La pili ni nguvu, ingawa wapo wanaosema ni mpendwa."

"Lipi sahihi, Sista?"

"Waliolitunga walishakufa zamani, mama. Chagua."

Mkuki ulinitia wasiwasi. Mtoto wa kike na mkuki wapi na wapi? Hata hivyo nilimpelekea mama mkwe jibu lote bila kupunguza. Alitupa pembeni magugu aliyokuwa ameyashika. Kisha akanisimulia jambo ambalo hata mume wangu hakuwahi kulisikia. Walipohama na ng'ombe kutoka kaskazini, yeye akiwa binti, baba yake aliugua njiani, na mkuki wa kulindia ng'ombe akakabidhiwa yeye. Fisi walikuja. Hawakuondoka na hata ndama.

"Nyie mnadhani mkuki ni wa wanaume tu," alisema. "Mwite hilo hilo."

Siku ya ubatizo wa Gertruda bibi alifika kutoka Usevya na mchele wake. Yeye na mama mkwe walikuwa hawajawahi kuonana. Walikaa jikoni, mmoja akipeta, mwingine akisimulia fisi, huku wakipokezana mtoto mpaka akalala. Mimi, kwa mara ya kwanza tangu nijifungue, nilikula chakula kikiwa bado cha moto.