Safari Iliyolala Uani

Glenys Haddrick alinunua daftari kabla hata ya kununua karavani. Ndivyo alivyo yule mama: kibiriti kwanza, jiko baadaye. Daftari lilikuwa na jalada gumu la kijani na kurasa za kutosha kuandika kila siku kwa miaka miwili. Ukurasa wa kwanza aliandika kwa herufi kubwa, MULLEWA, akapiga mstari chini yake mara mbili.

Kwetu Ballarat mtu akishastaafu ananunua karavani, kijumba cha magurudumu chenye kitanda, jiko na sinki, anakifunga nyuma ya gari na kwenda kuizunguka nchi. Wote wanaandika daftari, na wakirudi wanakusomea, utake usitake. Tumesomewa mengi na tumesinzia mengi. Lakini la Glenys lilisomwa mbele ya baraza, na siku hiyo hakuna aliyesinzia.

Mullewa ni mji mdogo upande wa pili wa nchi, mwendo wa siku tano au sita kwa gari. Huko ndiko Glenys alikozaliwa. Baba yake alikuwa fundi wa reli, na kazi ilipokwisha walihama, yeye akiwa na miaka tisa. Hakurudi tena. Alichokikumbuka zaidi ni maua. Alisema kila Agosti, kando ya barabara ya changarawe, yalichipuka maua yanayoota duara: majani katikati, maua pembeni pande zote, mekundu, kila mmea umekamilika kama shada lililolazwa chini na mtu. Mama yake alikuwa akimpigia kelele asiyakanyage. Miaka zaidi ya sitini ilikuwa imepita, na bado kila Agosti mvua ya baridi ya Ballarat ikianza kupiga mabati, Glenys alisimama dirishani akayatamani maua yale mpaka kifua kikamuuma. Aliyatamani kama mtu anavyomtamani ndugu aliyeachwa mbali.

"Ndiyo, mke wangu. Maua ya duara," mumewe Kel alikuwa akisema, kwa ile sauti ya kumridhisha mtoto anayesema ameona simba chumbani.

"Utayaona mwenyewe, na utakoma."

"Nitayaona. Tukipata nafasi."

Nafasi hawakuipata miaka arobaini na sita. Kel alikuwa fundi bomba, tena fundi kwelikweli, na mabomba ya watu hayajui likizo. Halafu wakaja watoto, halafu mama yake Kel akaugua miaka kumi na mmoja bila haraka ya kufa. Mwisho Kel alistaafu, akachukua akiba yote, wakaenda kwa Dwayne Purtell mwenye yadi kubwa ya karavani kwenye njia ya kutoka mjini, wakanunua mpya kabisa, bado ina nailoni kwenye viti. Ilikuwa Machi. Walipanga kuondoka Julai wayawahi maua.

Kel alisema safari inaanza siku karavani inapoingia uani. Basi Glenys akafungua daftari akaandika: *Siku ya 1. Uani. Jua. Kel amenibeba kuniingiza ndani kama bibi harusi, akajigonga kichwa mlangoni. Tumecheka mpaka jirani akachungulia.*

Siku ya sita mvua ilinyesha. Glenys aliingia kupanga vikombe, akakuta mto wa upande wake umelowa, na juu ya mto, kwenye kona ya dari, tone linajikusanya taratibu. Akaliandika.

Waliikokota hadi kwa Purtell. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mcheshi, mwenye mkono wa kukushika bega kabla hujasema shida yako.

"Mama yangu, karavani zote zinapumua," alisema. "Huo ni unyevu wa pumzi zenu tu."

"Pumzi gani?" Glenys aliuliza. "Hatujalala humo hata usiku mmoja."

"Basi ni ya vikombe," Purtell alisema, akacheka peke yake. "Niachieni wiki mbili."

Wiki mbili za Dwayne Purtell zilikuwa wiki tisa. Ikarudi, mvua ikanyesha, ikavuja. Ikapelekwa tena. Agosti ilikuja na kupita karavani ikiwa yadini, na Glenys akaandika: *Siku ya 170. Haipo hata uani. Huko yameshachanua.* Ikarudi Novemba na karatasi inayosema imekaguliwa, haina tatizo. Haina tatizo! Na godoro linanuka kama soksi ya mchezaji mpira. Mara ya tatu waliipeleka Februari na kuirudisha Aprili, karatasi ile ile, maneno yale yale, hata kosa la tahajia lile lile.

Katikati ya hayo kulikuwa na jambo jingine ambalo halikusemwa. Tangu Krismasi mikono ya Kel ilikuwa inatetemeka. Alianza kushika kikombe kwa mikono miwili akisingizia baridi. Aliacha kunyoa kila siku. Kwenye meza ya jirani yao Pam alikataa supu, yeye aliyekuwa akifuta bakuli kwa mkate. Alidhani anamficha mkewe, na mkewe alimwacha adhani hivyo, na wawili hao wakaishi nyumba moja kila mtu na siri ile ile.

Katikati ya Mei, asubuhi moja, Glenys alitoka na kumkuta Kel ameegemeza ngazi kwenye karavani, bunduki ya silikoni, ile gundi ya kuzibia maji, mkononi, kisu cha kukwangulia mfukoni.

"Nimechoka kutazama ujinga huu," Kel alisema. "Miaka arobaini nimezuia maji ya watu. Nishindwe na hili? Shika ngazi."

Glenys aliishika.

Kel alikwangua mshono wote wa kiwandani, pale paa linapokutana na kuta, akausafisha, akaufunga upya kuanzia kona hadi kona. Ilimchukua siku nzima. Na jamani, ulikuwa mshono! Umenyooka kama uzi, hakuna palipovimba, hakuna palipokatika. Mvua ya wiki ile haikupenyeza hata tone, na Kel akala supu mezani, akamwaga nusu, wala hakujali.

Lakini Juni Glenys alipokuwa anafuta vumbi kitandani aliegemea ukuta, na kidole chake kikaingia ndani. Kikaingia kabisa, kama kwenye keki. Chini ya karatasi ya ukutani plaiwudi ilikuwa imeoza, nyeusi, inatoa maji ukiikamua.

Sasa akataka fedha zake. Si matengenezo, wala si karavani nyingine, fedha zote na waichukue takataka yao. Purtell alikuja mwenyewe kuitazama. Akazunguka mara moja, akainua macho kwenye mshono, na uso wake ukachangamka.

"Nani kafunga hapa?"

"Mimi," alisema Kel, na alisema kwa fahari, maskini, kifua mbele.

"Kazi nzuri, mzee wangu. Nzuri sana. Ila umeyafungia maji ndani, ndiyo maana ukuta umeoza. Na karatasi ya dhamana inasema mtu mwingine asiguse. Hapo umejimaliza mwenyewe."

 Kel aliingiza mikono mfukoni, na kwa wiki kadhaa hakuitoa nje ila kwa lazima. Usiku ule ule Glenys aliandika barua kwenda baraza la wanunuzi, lile linaloamua kati ya mteja na mwenye duka. Agosti ya pili wakaitwa.

Chumba kilikuwa kidogo, chenye joto la hita. Mwenyekiti wa baraza alikuwa mama mmoja mkavu aitwaye Bi Lenehan, miwani ikining'inia shingoni. Purtell alikuja na faili: picha za mshono wa Kel, na zile karatasi mbili za haina tatizo.

"Mheshimiwa, karavani ilikuwa nzima," alisema. "Tumeikagua mara tatu. Imeharibika baada ya mzee huyu kuichokoa. Namheshimu, lakini kila mtu na kazi yake."

Bi Lenehan aliwageukia kina Haddrick. "Mnacho chochote kinachoonyesha ilivuja kabla ya kuguswa?"

"Ninalo daftari," alisema Glenys.

"La nini?"

"La safari."

"Mlisafiri nayo?"

"Hapana," alisema Glenys, na masikio yakamuwaka moto. "Ilikuwa uani tu."

Purtell alitabasamu akitazama meza. Bi Lenehan alivaa miwani. "Soma," alisema.

Akasoma. Siku ya 6, tone juu ya mto. Siku ya 9, kikombe kimoja cha maji kwenye beseni. Siku ya 83, wamesema wametengeneza. Siku ya 85, vikombe viwili. Aliruka mambo yake mwenyewe mwanzoni, lakini Bi Lenehan alimwambia asome yote, mstari kwa mstari, basi akasoma na lile la bibi harusi, na la maua yaliyochanua bila wao. Tabasamu la Purtell lilipungua kidogo kidogo. Kel alikuwa amekaa, mikono chini ya meza.

Kisha Glenys akafungua ukurasa wa Mei, akaacha kusoma.

Aliujua ukurasa ule. Angeweza kufunua kurasa mbili kwa pamoja, zilikuwa nyembamba, nani angejua? Akiusoma kesi imekwisha, fedha hakuna, Mullewa hakuna. Na zaidi ya hapo, Kel alikuwa pale pale, kiwiko kwa kiwiko.

"Mbona umesimama?" aliuliza Bi Lenehan.

"Labda hapo ndipo panapomhusu mzee," alisema Purtell.

Hasira ilimpanda Glenys kutoka miguuni. Akasoma.

"Siku ya 431. Uani. Jua kidogo. Kel amepanda kufunga mshono. Nimeisoma karatasi ya dhamana, najua haturuhusiwi kugusa, yeye hajaisoma. Sikumwambia. Nimemshikia ngazi siku nzima. Mikono yake haikutetemeka hata mara moja. Sijaiona imetulia hivyo tangu Krismasi. Kuna siku haitaweza hata kufunga kifungo, na sijui ni lini. Kama kwa ajili ya leo nitayakosa maua yangu, basi niyakose."

Hita ilikuwa inanguruma. Glenys hakuthubutu kutazama pembeni.

"Umesikia mwenyewe, Mheshimiwa," alisema Purtell. "Amekiri. Alijua."

"Nimesikia," alisema Bi Lenehan. Alivua miwani. "Anayetunga ushahidi, Bwana Purtell, hajiandikii kosa lake mwenyewe. Kama ukurasa huu ni wa kweli, sina sababu ya kutoziamini kurasa mia nne zilizotangulia. Karavani ilivuja siku ya sita. Ichukue, na uwarudishie fedha zao zote."

Garini, Glenys kwenye usukani, walikuwa wanapita kando ya ziwa.

"Ulikuwa unajua," alisema Kel.

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoikataa supu ya Pam. Wewe ukatae supu?"

Kel alitazama dirishani. "Na dhamana ulikuwa unaijua."

"Nilikuwa naijua."

"Na ngazi ukashika."

"Nikaishika. Ulitaka uanguke?"

Kel alianza kucheka, kisha ikawa si kicheko tena, na Glenys akaegesha gari pembeni wakalia wote wawili mchana kweupe, watu wanapita na mbwa wao.

Fedha zilifika Oktoba, siku ile ile lori la Purtell lilipokuja kuikokota karavani. Ikaacha mstatili wa nyasi za manjano pale uani. Wiki hiyo daktari alimwambia Kel asiendeshe tena, na Glenys hajawahi kukokota kitu chochote maishani mwake. Lakini gari tupu anaendesha.

"Tungoje Agosti," alisema Glenys. "Huko sasa hivi hakuna ua hata moja. Ni vumbi na nzi."

"Agosti mbali," alisema Kel. Akawa ameshakwenda kutafuta viti vya kukunja.

Wakaenda Novemba, Glenys kwenye usukani, wanalala vyumba vya kupanga vyenye mashuka magumu. Siku ya saba, nje kidogo ya Mullewa, walikata kona wakaingia barabara ya changarawe. Jua lilikuwa kali la kukausha mate. Glenys aliendesha polepole, kichwa nje ya dirisha, halafu akasimamisha gari katikati ya barabara na kushuka mbio, mama wa miaka sabini na moja.

Kando ya barabara kulikuwa na miduara. Mikavu, ya kijivu, imelala chini imevunjikavunjika, lakini miduara, mmoja baada ya mwingine mpaka mbali. Hakuna hata jani bichi.

Kel alikuja nyuma yake taratibu na kiti kikigongana na mguu wake. Akainama, akagusa mmoja kwa kidole kinachotetemeka, akaufuata ukingo wake mpaka aliporudi alipoanzia.

"Kumbe kweli yanaota duara," alisema. "Glen, miaka yote hii nilidhani ni utoto tu."

"Nilikwambia utakoma."

"Nimekoma."

Wakakaa kwenye viti vyao wakitazama. Glenys alimweleza wekundu ulikuwa wapi na kijani wapi, akionyesha kwa mkono, na Kel akaitikia kila pahali kama mtu anayeona. Nzi walikuwa wengi. Glenys alitamani sana amwonyeshe mmoja tu uliochanua, mmoja tu, na tamaa hiyo ilimuuma kuliko zote za Ballarat.

"Agosti tutarudi," alisema.

Kel alikuwa amekalia mikono yake ili itulie. "Tutarudi," alisema, na safari hii hakutumia ile sauti ya kumridhisha mtoto.