Udongo Wangu Ulihamia kwa Jirani

Nilifundisha Jiografia miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuna somo nililolipenda kama mmomonyoko wa udongo. Nilikuwa nachora mlima ubaoni kwa chaki nyeupe, mvua kwa chaki ya bluu, halafu nageuka kuwauliza wanafunzi, "Mkulima huyu anayelima mteremko bila kingo, tumwiteje?" Darasa zima linajibu, "Mzembe!" Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba yaliyonipata hayakunipata kwa kukosa elimu.

Nilipostaafu, mke wangu na mimi tulihama Tanga mjini tukapanda kuja kwenye nyumba aliyoiacha marehemu baba yangu, juu kidogo ya Mlalo. Mke wangu ni mtu wa Pangani. Alishuka kwenye gari amejifunga khanga mbili na juu yake koti langu la suti. Tulipofika juu kwa miguu akaitazama nyumba, akautazama ukungu, akaniuliza, "Jua la hapa linatoka lini?"

"Mwezi wa kumi na mbili," nikamjibu kwa utani. Ilikuwa mwezi wa saba. Hakucheka.

Nyumba ilikuwa na msingi wa mawe na kuta za matofali ya udongo, na bati lilikuwa limeliwa na kutu mpaka ukilala chali unaona mawingu yakipita. Ukuta wa nyuma wa jiko ulikuwa umelala chini kabisa, mihimili imeegemeana kama walevi. Mimi nilitaka tuanze na sebule, niwe na mahali pa kuweka vitabu. Mke wangu akasema vitabu havisikii baridi. Tukaanza na jiko.

Fundi alikuja, akapima kwa hatua, akasema tunahitaji mawe, mengi. Gari la mawe halifiki kwetu, barabara inaishia chini kanisani. Nikazunguka shamba nikiwaza, na pale pale shambani nikayaona: mistari minne ya mawe, imekatiza mteremko toka mpaka hadi mpaka, imeota magugu. Mawe mazuri, bapa, ya kubebeka. Nikamshukuru Mungu. Kwa siku tisa niling'oa mawe yale kwa mtaimbo na kuyapandisha jikoni kwa toroli.

Siku ya tatu ya kazi hiyo alipita jirani yetu wa chini, bibi mmoja mjane aliyekuwa rafiki wa mama yangu. Shamba lake limepakana na letu upande wa bondeni. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unafanya nini?"

"Nasafisha shamba, mama."

"Unasafisha." Akaegemea jembe lake. "Mawe hayo aliyaweka baba yako."

"Najua, mama. Ila yamekaa bure tu."

Akalibeba jembe begani, akasema, "Haya. Wewe ndiye mwalimu," akaenda zake. Mimi nikaona nimesifiwa. Jioni nilimsimulia mke wangu jinsi wazee wa huku wanavyoheshimu elimu.

Jiko likaisha, na sisemi kwa kujisifu, lilikuwa jiko zuri kuliko yote ya upande ule. Ukuta mnene, dohani inavuta moshi vizuri, na karibu na moto fundi alijenga benchi la mawe ambalo mke wangu aliligeuza makao yake makuu. Aliinjika makande asubuhi, akaketi, na hakutoka hapo mpaka yaive. Nazi zilipopatikana sokoni aliyaunga kwa tui zito, jambo ambalo mama yangu angelisikitikia, lakini mimi nilikula sahani mbili.

Ndipo nikageukia shamba. Lilikuwa limenyooka, safi, halina hata kizuizi kimoja. Nikapanda karoti robo tatu ya shamba na vitunguu sehemu iliyobaki, kwa kamba, mistari imepanda na kushuka na mlima kama nywele zilizosukwa. Mke wangu, ambaye kwao mteremko mkubwa ni ngazi za mlangoni, aliniuliza, "Maji yakija yatapita wapi?"

"Yataingia ardhini," nikasema.

Mvua ilikuja siku ya Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Tulikuwa jikoni, na mimi nilikuwa nausifia ukuta kwamba hauvuji hata tone, mke wangu alipoinuka akaenda dirishani. Akasema taratibu, "Mwalimu, shamba linatembea."

Lilikuwa linatembea kweli. Udongo ulishuka kama uji wa ulezi uliofurika sufuriani. Nilitoka mbio na jembe, nikajaribu kuchimba mfereji, maji yakanichukua kiatu cha kushoto. Baada ya nusu saa mvua ikakata, jua likatoka, na mbele yangu palikuwa na mifereji mitatu inayonifika magotini na vitunguu sita.

Kesho yake nilijikaza nikashuka kwa jirani. Alikuwa amesimama kwenye maharage yake, au juu yake, maana mistari kadhaa ilikuwa imefunikwa na udongo mweusi ambao niliutambua mara moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kulitazama shamba lako?"

Nikaomba radhi. Nilieleza kwa kirefu, nikataja ukubwa wa mvua na hali ya hewa siku hizi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Baba yako," akasema, "aliyapandisha mawe yale kutoka mtoni kwa mabega, mwaka aliomwoa mama yako. Nilipokuona unayang'oa nilitaka kusema. Nikajiambia, huyu ni mwalimu, pengine kuna utaalamu mpya."

Sijawahi kupewa maksi mbaya kuliko hizo. Nikamuuliza nimlipe nini kwa maharage. Akakataa. "Sitaki kitu. Chukua udongo wako tu."

Nilidhani anatania. Akanipa karai.

Basi kwa wiki mbili nilipandisha udongo wangu mlimani, karai baada ya karai. Njia ya sokoni inapita ubavuni mwa shamba, kwa hiyo kila aliyekwenda kuuza kabichi aliniona akienda, na akaniona tena akirudi. Walinipa pole kwa Kishambaa, wengine wakauliza udongo ule ni wa nini. "Wa shambani," nilijibu. "Unaupeleka wapi?" "Shambani." Siku ya nne mke wangu alishuka na ndoo, koti langu la suti bado mwilini, akaanza kubeba. Tulipokutana katikati ya mlima alisimama kuvuta pumzi, akaniuliza, "Hivi wale wanafunzi wako, walifaulu?"

"Wengi," nikasema.

"Alhamdulillahi," akasema, akaendelea kupanda.

Niliwaza kuubomoa ukuta wa jiko ili nirudishe mawe, lakini nilipolitamka wazo hilo mke wangu alikwenda kuliketia benchi lake na nikaelewa. Nikashuka mtoni mwenyewe. Niliyabeba mawe mabegani, mapumziko yangu yakiwa mengi kuliko ya baba, na jirani akanionyesha namna ya kuyalaza na kupanda majani ya gwatemala juu yake yashike udongo. Kingo mbili tu ndizo nilizomaliza msimu ule.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata jirani alikuja nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza, na kikapu kichwani. Kilijaa karoti nene, zimeoshwa. Zilikuwa zimeota katikati ya maharage yake, akazipalilia pamoja nayo.

"Mbegu ni yako," akasema, "jasho langu. Tugawane."

Mke wangu akamkaribisha jikoni, akazikata karoti zile akazitia kwenye makande ya nazi. Bibi aliketi kwenye benchi, akaonja, akatafuna kwa muda mrefu. Mke wangu akashindwa kuvumilia. "Vipi, mama?"

"Hiki si chakula cha kwetu," bibi akasema, akausogeza mgongo ukutani kwenye joto, akanyoosha sahani yake aongezewe.