Rehema kaenda ziwani peke yake

Jumanne mchana, Lipingo.

Mama Neema, na kina mama wote mnaofundisha watoto nyumbani, sikilizeni ya leo.

Tangu baba yake azame, Rehema wangu hasogelei ziwa. Njia ya shule inapita ufukweni, ndiyo maana namfundisha mwenyewe. Hata maji nachota mimi.

Leo tulikuwa tunapima lita kwa kopo na ndoo. Maji yakatuishia. Nikaingia jikoni kusonga ugali.

Nilipotoka, mtoto hayupo. Ndoo nayo haipo!

Nilikimbia na mwiko mkononi.

Nikamkuta amesimama ndani ya maji, yamemfika magotini. Nikafungua mdomo nipige kelele.

Jirani yangu, aliyekuwa anaosha sufuria, akanivuta kanga.

"Dada, nyamaza! Utamrudishia hofu."

"Ni mwanangu!"

"Kaingia mwenyewe. Mwache atoke mwenyewe."

Jamani, sijawahi kufanya kazi ngumu kama kunyamaza pale.

Rehema akainama, akachota, akatoka taratibu.

"Mama, ugali umemwachia nani?"

Kesho anataka kuchota tena. Yeye yuko tayari, mimi bado.

Mkisali jioni, mtutaje. Mwanze na mimi.