Bakshishi ya Mkono Mwepesi

Msusi wa mke wangu walimwita Mkono Mwepesi. Akikusuka husikii. Wanawake walisinzia kwenye kiti chake, wengine wakakoroma kabisa, wakazinduka wameshasukwa.

Ni mtu mfupi, miguu imevimba kidogo kwa kusimama. Kazi aliianza kwa kuosha vichwa kwenye saluni ya shangazi yake. Miaka mitatu aliosha, kitana hakupewa. Siku moja msusi hakutokea, na bibi harusi yuko kitini anangoja. Shangazi akamwambia, "Haya, jaribu. Ukimharibu utamwoa wewe." Hakumharibu. Tangu siku hiyo hakurudi tena kwenye beseni.

Mtaani kwetu alikuja na mtoto mgongoni, mwingine ameshika gauni. Baba yao alisema anakwenda kutafuta kazi. Labda bado anaitafuta. Wale watoto leo mmoja ni mwalimu, mwingine fundi umeme. Ni vidole vya mama yao hivyo.

Saluni yenyewe si yake, ameajiriwa tu; ni chumba kimoja. Viti vinne, kioo kirefu chenye ufa pembeni, beseni, na kikausha nywele ambacho kikiwashwa redio inanyamaza. Kiti chake ni cha dirishani. Anasema taa inadanganya, jua halidanganyi.

Mimi nilikuwa fundi viatu. Kibanda changu kilikuwa ng'ambo ya barabara, kwa hiyo nilimwona kila siku, yeye na sindano zake, mimi na zangu. Mke wangu aliingia kwake kila wiki ya tatu, miaka kumi na tisa. Akitoka namuuliza bei. Akitaja, najua imezidi ile iliyobandikwa mlangoni.

"Hiyo nyingine ni ya nini?"

"Ya soda."

"Bei ni bei. Mimi mtu akinizidishia namrudishia chenji. Nimeweka soli, sikumwimbia."

"Ndiyo maana wanakuita mkono wa birika," anasema. "Mkono mtupu haulambwi, mume wangu."

Tulibishana hivyo miaka yote, bila hasira. Ilikuwa kama salamu.

Mwaka jana mke wangu akaugua. Alilala miezi miwili, nywele zikafumuka, zikawa zinamkera kwenye mto. Hakuomba chakula kizuri, wala daktari mwingine. Aliomba msusi wake.

Saluni hufungwa Jumatatu. Jumatatu hiyo Mkono Mwepesi alikuja kwa miguu na kimfuko chake. Akavua viatu mlangoni, akapanda kitandani, akakaa nyuma ya mke wangu na kumwegemeza kifuani. Alimsuka tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mistari sita ya kurudi nyuma, isiyobana, ili aweze kuilalia. Nilikuwa jikoni. Maneno yao sikuyasikia. Nilisikia kicheko cha mke wangu tu, na nilikuwa sijakisikia wiki nyingi.

Alipomaliza nikamsindikiza hadi getini. Nikamuuliza bei. Akataja ile ile ya saluni. Nikampa. Akapokea kwa mikono miwili, akaenda zake.

Niliporudi ndani, mke wangu akauliza, "Umempa na ya soda?"

"Nimempa alichotaja."

"Amekuja kwa miguu, siku yake ya kupumzika."

"Angetaja zaidi ningempa zaidi."

"Ya soda haitajwi. Miaka kumi na tisa hajawahi kunitajia." Akageukia ukutani. Akasema, "Umeniaibisha, baba watoto. Nitamtazama vipi tukionana?"

Nikasema nitamfuata kesho. Kesho yake mke wangu akazidiwa. Siku ya tisa tulimzika, na mistari ile sita kichwani. Hawakuonana tena.

Watu walikuja kunipa pole. Nawaitikia, na akili iko getini. Miezi miwili ilipita hivyo. Asubuhi moja nikasema basi, jambo hili nilimalize mwenyewe. Nikavaa shati safi, nikatia noti mfukoni, nikavuka barabara.

Sikuwahi kuingia saluni ile. Miaka yote naiona kwa dirisha. Ilikuwa imejaa, na wanawake wote wakanitazama kupitia kioo. Nikaweka noti juu ya meza ya Mkono Mwepesi, katikati ya vitana. Nikasema kwa sauti, maana nilidhani heshima ni watu wasikie.

"Mwanangu, hii ni bakshishi yako ya siku ile. Mimi ndiye niliyekosea."

Msusi wa kiti cha pili akanyoosha mkono, akashusha kopo la maziwa ya unga kutoka rafuni. Kifuniko kimetobolewa. Mkono Mwepesi akaikunja noti, akaitumbukiza humo.

"Asante, baba. Tumepokea."

"Hiyo ni yako peke yako."

Mama mmoja mwenye povu kichwani akanionea huruma. "Babu, humu ndani kilichotolewa mbele ya watu ni cha watu. Jioni wanagawana wote, hata anayefagia. Ukitaka iwe ya mtu, unampa kiganjani wakati wa kuagana. Hakuna anayeona. Marehemu hakukwambia?"

Hakuniambia. Au aliniambia, na mimi nilikuwa nabishania bei.

Nikatoa noti nyingine, nikamtia mkononi. Akairudisha kwangu taratibu, akanifumba vidole.

"Hapana, baba. Bakshishi hutoa aliyehudumiwa. Wewe sijakugusa."

"Ni ya mke wangu."

"Mama hakunikosea kitu."

"Yeye aliona amekukosea. Amekwenda na aibu hiyo, na ni mimi niliyemtia." Nikatazama chini. Sakafu ilikuwa na nywele za watu.

Kisha akanitazama kichwani. "Nani anakukata nywele?"

"Ni yeye."

"Kwa mkasi gani?"

"Wa kazini. Wa kukatia ngozi."

"Nikawa najiuliza mbona siku zote nywele zako zinakwenda upande." Akapangusa kiti chake. "Kaa."

"Hapa ni kwa wanawake."

"Kaa, baba. Watu wanangoja zamu."

Nikakaa. Mwenye povu akauliza, "Babu anasuka mistari mingapi?"

"Miwili," akajibu msusi wa pili. "Mmoja sikio hili, mmoja sikio lile. Katikati hapo ni uwanja wa mpira."

Walicheka, na mimi nikacheka nao. Akanifunga shuka shingoni, akanilowesha kwa maji ya uvuguvugu. Tangu msiba hakuna mtu aliyekuwa amenishika kichwa. Nilifumba macho. Mkono wake kweli ni mwepesi.

Alikuwa anakata, anaongea chini chini, kwa ajili yangu peke yangu. "Unajua siku ile alikuwa ananichekesha nini?"

"Sijui."

"Vile viatu ulivyompelekea siku ya kwanza kwenda kwao."

Nilivishona mwenyewe, usiku na mchana, kwa ngozi nyekundu. Nilipovifunua mbele ya baba yake, vyote viwili vilikuwa vya mguu wa kushoto. Woga tu. Sikujua kama amewahi kumsimulia mtu.

"Alisema alikukubali pale pale," akasema. "Alisema, mtu aliyechanganyikiwa namna ile hawezi kunidanganya."

Aliendelea kukata mpaka nilipokuwa sawa, akanipangusa shingo kwa brashi, akanifungua shuka. Nikamlipa mwenye saluni bei iliyobandikwa mlangoni. Mkono Mwepesi akanisindikiza hatua mbili nje.

Noti nilikuwa nimeikunja mara nne. Nikampa mkono wa kwaheri, nayo iko katikati ya viganja vyetu. Sikusema neno. Hakuitazama. Aliufumba mkono, akautia mfukoni mwa aproni.

"Imefika, baba," akasema. "Ya mama imefika."

Akarudi ndani, akamwita mwenye povu. Mimi nikasubiri magari yapungue, upepo unanipiga kisogoni, nikavuka.