Sikio la Fundi

Fundi wa kompyuta wa Ngara mjini hafungui mashine kabla hajaiwekea sikio, macho kafumba kama anayesikiliza mvua ikija toka Bukiriro. Mwalimu Bonifasia alimletea laptopu ya miaka kumi na mitatu, diski inakwaruza, na ndani mna nyimbo za Kihangaza alizorekodiwa marehemu mama yake akibembeleza wajukuu.

"Niwekee Windows mpya, fundi."

"Mwalimu, bibi kizee huyu unambebesha mkungu wa ndizi! Tumpe Linux, nyepesi. Na RAM zaidi, asisahau-sahau, na diski mpya isiyozunguka."

"Na nyimbo je?"

Mafundi wenzake wangezihamisha zote kwa mpigo. Yeye alihamisha mmoja mmoja, akiusikiliza mpaka mwisho, kichwa kinayumba. Kwenye wimbo wa mwisho, ambao naye alibembelezewa utotoni, diski ikafa katikati. Fundi, macho bado kafumba, akaumalizia kwa mdomo, na Mwalimu akaitikia.