Mshona nyavu wa Nkombo arudia swali la desturi

Jua halijapanda vizuri, na Reine Mukansanga ameshakaa chini ufuoni mwa kisiwa cha Nkombo, mpakani na Kongo, miguu ameinyoosha, wavu wa sambaza, samaki wadogo kama dagaa, umemfunika mpaka magotini. Kidole gumba cha mguu kimeushika upande mmoja, mkono wa kulia unapitisha sindano ya mbao. Pembeni, chini ya jiwe ili upepo usiyabebe, kuna makaratasi ya somo la Misingi ya Sheria ya Kimataifa.

"Avoka, unashona ao unasoma?" anamtania Mzee Nshuti, mvuvi mwenye wavu, akimwita wakili.

"Byote bibili, Mzee. Nyamaza, usinipoteze hesabu ya matobo."

Mukansanga ana umri wa miaka 36 na binti mmoja, Isimbi. Alianza kushona nyavu akiwa na miaka kumi na mitano. Siku nzuri humpa faranga elfu tatu. Kila Jumamosi na Jumapili hupanda mtumbwi kwenda mjini Kamembe, anakosoma sheria, mwaka wa pili. Makaratasi ni ya Kiingereza, naye alisomeshwa kwa Kifaransa. Kila ukurasa huusoma mara tatu.

Muhula uliopita alianguka. Mtihani ulimtaka aeleze jinsi desturi inavyokuwa sheria kati ya mataifa, na atoe mfano. Akaona ameokota dodo. Aliandika anachokijua: wavu wa Nkombo ukichukuliwa na maji mpaka upande wa Kongo, wavuvi wa kule huutundika kwenye nguzo ufuoni hadi mwenyewe aje. Wa kule ukifika huku, hali ni hiyo hiyo. Alijaza kurasa nne. Alipata sita kwa ishirini.

Mhadhiri wake, Hugues Muderhwa, alimwachia maneno machache kwa kalamu nyekundu: "Wavuvi si Serikali. Na kwa nini wanarudisha?"

"Nililia ndani ya mtumbwi, nikajifanya ni maji yamenirukia," anasema. "Ile ya kwanza niliikubali. Ile ya pili ilinikasirisha. Kwa nini? Si banarudishaka tu!"

Jumamosi hii anarudia mtihani. Akipata chini ya kumi, ataambiwa arudie mwaka mzima, na ameshaamua kwamba hataurudia. Isimbi anaingia sekondari, na ada za watu wawili hazitoki kwenye sindano moja.

Wiki mbili zilizopita, Mzee Nshuti alimletea wavu wa rangi ya chungwa usio wake. Ulikuwa wa Delphin, mvuvi wa ng'ambo.

"Shona hii tobo kwanza, mbele niirudishe," alimwambia. "Asiseme ni sisi tuliipasula."

"Umemuonea huruma?"

"Huruma gani? Ule muntu mi simupendaka. Aliniitaka mwizi mbele ya batu."

"Basi si ubaki nayo?"

Mzee alimtazama kama aliyetukanwa. "Nibaki na wavu ya muntu? Haiwezekane, Maman Isimbi. Hata kama ni Delphin. Iko lazima irudi."

Sindano ilisimama. Mukansanga alitoa karatasi chini ya jiwe, akaandika nyuma yake maneno ya mzee, yote, pamoja na matusi yaliyofuata juu ya Delphin.

Kwenye makaratasi ya somo alikuwa ameyasoma haya mara nyingi bila kuyaona: mazoea peke yake hayatoshi. Nchi lazima zifuate jambo kwa kuwa zinajiona zimefungwa na sheria, si kwa wema wala kwa urafiki. Kurasa zake nne zilieleza wavu unavyorudi. Hazikuwa na mstari hata mmoja juu ya lile lazima.

Akimaliza masomo, angependa kubaki ufuoni, awaeleze wavuvi wa pande zote mbili mpaka unapita wapi juu ya maji, na wajibu nini wakiulizwa vitambulisho. Kabla ya hapo, kuna Jumamosi.

"Nitaanza na Serikali, kurasa tatu nzima," anasema, akikata uzi kwa meno. "Mzee Nshuti nitamuweka mwisho, na nitaandika wazi kwamba ni mfano tu, si sheria ya mataifa."

Mzee, aliyekuwa akijifanya hasikii, anageuka.

"Mfano, sawa," anasema. "Lakini uandike pia kwamba Delphin hajasema hata aksanti."